Ndui Niliyoiandika

Mpaka wiki iliyopita nimekuwa nikiwasimulia mabaya niliyotendewa na watu. Mlinisikitikia, na baadhi yenu mliniandikia barua za pole. Pole hizo zichukueni, kwa sababu ya leo niliyatenda mimi.

Kwa msomaji anayekutana nami hapa: naitwa Obeid bin Mahmud, mtu wa Lamu. Mwaka 1912, nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne, nilifukuzwa ukarani wa forodha kwa kosa la mtu mwingine. Gazeti moja la Mombasa, Mjumbe wa Bandari, likaniokota niwe mwandishi wake wa habari Lamu. Kazi hiyo niliificha. Mhariri ndiye aliyeniagiza, kwani mji mdogo ukishajua ni nani anayeandika, kila mdomo hufungwa. Mjini nilijulikana kama mtu wa kuwaandikia wengine barua.

Na nilikuwa na mchumba. Hadia, binti mkubwa wa Bwanamkuu, mpishi wa halua wa Langoni.

Barua ya mhariri ilinifikia kwa meli ya Jumatatu. Jina lake Bwana Jeilani. Hatukuwahi kuonana, lakini nilimwogopa kuliko nilivyomwogopa marehemu baba yangu.

"Obeid," aliandika, "harusi ya mtoto wa tajiri si habari. Maulidi yaliyosomwa vizuri si habari. Chombo kilichofika salama si habari, maana hiyo ndiyo kazi yake. Habari ni jambo ambalo msomaji akilisoma atamwita mkewe aje asikie. Niambie ni nani, ni wapi, ni siku gani, na nani aliyeona kwa macho yake. Ukisikia kwa mmoja, muulize wa pili. Habari zako tatu za mwisho nimewashia sigara. Meli ijayo ikija mikono mitupu, nitamtafuta mtu mwingine huko huko Lamu."

Basi nikaanza kuuliza. Kazi yenyewe ndiyo hiyo, wala msidanganyike na kalamu. Mwandishi ni mtu wa kuuliza, kisha kunyamaza, kisha kuuliza tena.

Niliwauliza manahodha wa Pate. Walikuwa na tumbaku. Nilimuuliza karani wa kadhi. Watu wawili walikuwa wamepatana bila kesi. Nilimuuliza askari wa gereza. Wafungwa wote walikuwa wazima na wamenenepa.

Alhamisi alasiri nikaenda Langoni kwa Bwanamkuu, nimechoka.

Nilimkuta jikoni, anakoroga halua. Miaka thelathini ya kukoroga ilikuwa imempa mikono ya mtu wa kuvuta nanga.

"Mbona uso umekauka?" aliniuliza.

"Barua zimekuwa haba, ami. Watu hawaandikiani."

"Wataandikiana. Keti ule kwanza."

Akanikatia halua ya moto, akaniwekea mbele yangu. Nataka mjue mtu huyu alikuwa nani. Nilipofukuzwa forodhani, ndugu zake walimwambia avunje uchumba. Aliwajibu kwamba binti yake hakuposwa na forodha, aliposwa na Obeid. Hakulitaja tena jambo lile.

Sauti ya mkewe, Bi Mwanatumu, ikatoka nyuma ya pazia.

"Obeid, mwanangu, ukipita sokoni niletee majani ya mwarobaini nimkogeshe nayo Esha. Ana tetekuwanga."

Esha mwenyewe akatoka kabla sijajibu. Alikuwa na miaka saba, mdogo wake Hadia. Uso na tumbo vilikuwa vimejaa vipele, na mkononi ameshika kipande cha halua.

"Obeid, nitazame," alisema. "Nimekuwa kanga, yule ndege."

Baba yake akacheka. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeanza kufikiri.

"Una hakika si ndui, Bi Mwanatumu?" niliuliza kuelekea pazia.

"Ndui naiyua. Ilimtukua ndugu yangu, nikamwosha kwa mikono hii. Mwenye ndui hali halua. Hii ni tetekuwanga, Hadia naye ilimtoka akiwa umri huu huu. Juma la mbele zitakuwa zimekauka."

Nikamuuliza wa pili, kama nilivyofundishwa. Bwanamkuu akanijibu yale yale.

Nikaenda sokoni, nikaleta majani. Nikarudi chumbani kwangu, jua bado liko juu, nikachukua karatasi.

Nilikuwa na nani, nilikuwa na wapi, nilikuwa na siku, na nilikuwa nimeona kwa macho yangu. Nikaandika neno tetekuwanga, nikalitazama. Hakuna mume atakayemwita mkewe kwa neno lile. Nikalikata mstari mmoja, nikaandika ndui.

Halafu mengine yakaja yenyewe: "Ndui imeingia Lamu. Mtoto wa mpishi wa halua, mtaa wa Langoni, ameonekana na vipele mwili mzima. Baba yake angali akiwauzia watu halua kila siku."

Yale maneno ya mwisho sikuagizwa na mtu. Niliona yanapendeza.

Mtasema nilikuwa na kisasi. Sikuwa nacho. Nilijiambia Mombasa ni mbali. Nilijiambia mpaka gazeti lichapwe mtoto atakuwa amepona, nami nitaandika kwamba ndui imeondoka, hivyo nipate habari mbili kwa moja. Nikaipeleka barua melini, nikarudi, nikalala vizuri sana.

Siku kumi na sita zikapita.

Meli iliporudi, mtu wa kwanza kushuka alikuwa Mzungu wa afya, mgeni ambaye hatukuwahi kumwona. Nyuma yake mkalimani, na nyuma ya mkalimani askari sita. Mkalimani alikuwa na gazeti limekunjwa kwapani.

Akaniona nimesimama gatini na karatasi zangu.

"Wewe kijana, nyumba ya mpishi wa halua ni ipi?"

Ningeweza kusema sijui. Ningeweza kukimbia kwa uchochoro wa nyuma nikamwambia Bwanamkuu awatoe watoto. Nilitembea mbele yao mpaka mlangoni.

Esha alikuwa anacheza kibarazani. Vipele vilikuwa vimekauka, zimebaki alama tu. Mzungu akamshika kidevu, akamgeuza huku na huku, akasema maneno mawili.

"Ni tetekuwanga, na imekwisha," Bi Mwanatumu alisema kutoka ndani.

Mkalimani akatafsiri. Mzungu akaligonga gazeti kwa kidole.

"Bwana asema gazeti limeandika ndui."

"Nani aliyeliambia gazeti?" Bwanamkuu aliuliza.

"Mwandishi wao."

"Mwandishi gani? Aliingia kwangu lini, akamwona mwanangu kwa mato yake?"

Mkalimani hakujua. Watu walikuwa wameshajaa njiani. Wengi wao walikula halua ile asubuhi, na sasa walikuwa wanatema mate na kujifuta midomo.

Bwanamkuu akanigeukia.

"Obeid, wewe umekaa na Wazungu forodhani. Wayua lugha yao. Na siku ile ulimwona mtoto. Mwambie."

Watu wote wakanitazama, na Mzungu naye. Nilijua maneno yote niliyohitaji. Yalikuwa machache, hata mtoto mdogo angeyasema.

Nikamwambia Mzungu, kwa Kiingereza changu cha forodhani, kwamba mimi si mganga.

"Amesemaje?" Bwanamkuu alimuuliza mkalimani.

"Asema hayui."

Bwanamkuu alinitazama kidogo, kisha akanitetea. Akawaambia majirani kwamba nimeingiwa na hofu, kijana wa watu, wasinilaumu.

Halua ya siku ile ilimwagwa baharini, na watu wakashangilia. Sufuria ya shaba ilitobolewa kwa shoka. Magodoro, mikeka, nguo za harusi za Hadia zilizokuwa zimeshashonwa, vyote vilichomwa mbele ya mlango.

Kisha wakatolewa wao. Wanawake wa nyumba ile hawakuwa wanatoka mchana bila shiraa, ile nguo pana inayomsitiri mtu mwili mzima akienda njiani. Shiraa zilikuwa ndani ya moto. Hadia akatembea mpaka gatini katika jua la adhuhuri, kanga moja kichwani, na upepo ukaipeperusha.

Uso wa Hadia sikuwa nimeuona tangu tukiwa watoto. Niliuona siku ile, pamoja na mji mzima.

Walipelekwa bara, mwendo wa nusu saa kutoka Mokowe, mahali palipojengwa mabanda matatu ya makuti na kuzungushiwa kamba. Amri ilikuwa wakae siku arobaini, na yeyote atakayevuka kamba kuingia ahesabiwe mmoja wao.

Sasa sikilizeni jambo ambalo sikulijua wakati ule. Ndani ya kamba ile walikuwamo tayari mabaharia wawili walioteremshwa Mkokoni. Hao ndui yao ilikuwa ya kweli. Mmoja alifariki siku ya tatu baada ya Bwanamkuu kufika. Bi Mwanatumu ndiye aliyempa maji mpaka mwisho, kwa kuwa hapakuwa na mwingine.

Mimi nilibaki Lamu, na meli ikaniletea barua nyingine.

"Sasa umekuwa mwandishi," Bwana Jeilani aliandika. "Nakala zilikwisha kabla ya adhuhuri, na watu walisomeana mikahawani. Sasa nataka ya ndani ya kambi. Wako wangapi, amekufa nani, wasemaje, waliaje. Usiniandikie Kiamu chako, andika nchi, usiandike nti. Ukinipa hayo, kuna meza hapa ofisini na kiti chake. Utakuja Mombasa."

Niliisoma barua ile mara tano. Nilishaanza kuwaza nyumba ya kupanga Mombasa. Na humo ndani ya mawazo yangu, Hadia alikuwamo. Nilidhani siku arobaini zikiisha nitamchukua tuende naye, asijue kamwe.

Wiki nne zilikuwa zimepita nilipovuka kwenda Mokowe, asubuhi ya siku ambayo meli ingeondoka jioni.

Mlinzi wa kambi aliitwa Barka. Alikuwa mtu wa makamo, uso mzima makovu ya ndui aliyougua utotoni, na kwa sababu hiyo alipewa kazi, maana ndui haimrudii mtu. Zamani alikuwa mtumwa wa nyumba moja ya Pate. Zaidi ya hapo sikumjua, wala sikumuuliza.

"Simama hapo, Bwana Obeid," alisema. "Hatua sita kutoka kwenye kamba."

Bwanamkuu akatoka bandani. Nusura nisimtambue. Ndevu zilikuwa zimeota ovyo na kanzu yake ilikuwa na matope magotini.

"Umekuya," alisema. "Nilimwambia mama yao utakuya."

"Hamjambo, ami?"

Bi Mwanatumu akaja nyuma yake, akaketi chini mchangani, na Hadia akaketi karibu naye, kanga ameivuta mpaka machoni.

Nikahesabu. Walikuwa watatu.

"Esha yuko wapi?"

"Tumemzika juzi," Bi Mwanatumu alisema. Alisema kwa sauti ya mtu anayeeleza alikoweka ufunguo. "Ilianza homa. Nikayua. Mara hii ilikuwa ndui yenyewe. Zilimtoka mpaka ndani ya mdomo, hakuweza kumeza hata mai. Alikuwa akiniuliza, mama, kwani si nilishaugua? Si nilishapona? Kila siku ananiuliza hilo moya."

Nilisimama hatua zangu sita. Kichwa changu kikayashika maneno yale moja moja, nisisahau hata moja. Si nilishaugua, si nilishapona. Kila mume wa Mombasa angemwita mkewe.

"Una karatasi?" Bwanamkuu aliniuliza.

"Ninayo, ami."

"Basi keti uandike. Nataka barua iende kwa mwenye gazeti. Wewe ndiye mkono wangu, sina mwingine."

Nikaketi, nikaweka karatasi pajani.

"Mwandikie hivi," alisema. "Mimi Bwanamkuu, mpishi wa halua, nakuuliza jina la mtu wako. Mwanangu alikuwa na tetekuwanga, akapona. Mtu wako akasema ndui, tukaletwa kwenye ndui. Sitaki halua yangu, sitaki nyumba. Nataka jina lake, nimpeleke kwa kadhi, aniapie mbele ya Mungu kwamba aliona ndui. Umeandika?"

"Naandika."

Kalamu ilikuwa inakwenda, lakini haikuandika hayo. Iliandika: "Habari kutoka kambi ya ndui, Mokowe. Mtoto wa mpishi wa halua amefariki juzi." Iliandika matope ya magotini. Iliandika maswali ya Esha, kwa Kiswahili cha gazeti, maji badala ya mai.

Nilijiambia barua ya Bwanamkuu nitaiandika baadaye. Meli haingoji, na karatasi nilizokuwa nazo zilikuwa mbili tu. Haya ndiyo niliyojiambia.

Bwanamkuu alipokwenda na mkewe kivulini kunywa maji, Hadia akasogea mpaka kwenye kamba. Alikuwa hajawahi kunisemesha peke yetu maishani mwake.

"Obeid."

"Naam."

"Tangu yana mgongo waniuma na kitwa chaniuma. Nikisimama naona kiza." Akatazama nyuma. "Usimwambie mama. Amezika juzi. Nimwachie siku mbili tatu apumue. Nakwambia wewe ili ajue mtu mmoja."

"Huenda ni uchovu," nilisema.

"Huenda." Akaivuta kanga. "Ukitoka hapa uniombee."

Akarudi bandani polepole, anashika nguzo.

Nami nikateremsha kalamu nikaongeza mistari miwili. Niliiandika nikiwa nalia. Kulia kwangu hakukuizuia kalamu. Nilipomaliza niliisoma nikaona imekaa vizuri, fupi, bila neno la ziada.

Hapo ndipo Barka aliponijia na kijiko cha salfa kinachofuka moshi.

"Nipe barua, Bwana Obeid."

"Ya nini? Naibeba mwenyewe."

"Amri. Karatasi yoyote iliyoandikwa hapa kambini hufukizwa kabla ya kuvuka, iwe ya ndani au ya nje ya kamba. Hufukizwa ikiwa wazi, si ikiwa imekunjwa."

Nikampa. Sikuwa na wasiwasi naye. Aliitandaza juu ya moshi, akaishika kwa ncha za vidole, akaigeuza upande wa pili, akairudisha upande wa kwanza.

Nikaona midomo yake inacheza.

Barka alikuwa anasoma.

Alisoma mpaka chini, akazima salfa kwa mchanga, akanitazama.

"Wapi ulijifunza herufi hizi?" nilimuuliza.

"Rabai, kwa wamishonari, nilipotoroka Pate. Miaka sita niliwasomea Injili wazee wao." Akaikunja karatasi mara moja. "Hakuna mtu wa Lamu aliyepata kuniuliza."

"Barka, nisikilize."

"Nimemsikiliza Bwanamkuu alipokuwa akisema. Nilikuwa nimesimama pale. Haya siyo aliyosema."

"Nipe nikaiandike upya."

"Utawasomea wewe, au niwasomee mimi?"

Aliuliza kwa upole, kama mtu anayeuliza nani atangulie mlangoni. Kisha akaita. Bwanamkuu na mkewe wakaja, na Hadia akaja nyuma yao.

"Bwanamkuu," Barka alisema, "barua yako imekwisha. Bwana Obeid anataka kukusomea kabla haijaenda."

Akaniwekea karatasi mkononi. Nikaifungua, nikaanza kusoma kwa sauti. Sikusoma yaliyoandikwa. "Mimi Bwanamkuu, mpishi wa halua, nakuuliza jina la mtu wako."

"Hapo hapakuandikwa hivyo," Barka alisema.

Nikaendelea. "Mwanangu alikuwa na tetekuwanga, akapona."

"Wala hapo."

Bwanamkuu akamtazama Barka, akanitazama mimi. Barka akaichukua karatasi mkononi mwangu, nami sikuishikilia. Akasoma yeye. Alikuwa na sauti nzuri, ya mtu aliyezoea kusomea watu.

"Habari kutoka kambi ya ndui, Mokowe, imeletwa na mwandishi wenu wa Lamu. Mtoto wa mpishi wa halua, ambaye gazeti hili lilikuwa la kwanza kutangaza ugonjwa wake, amefariki juzi."

Akasoma matope. Akasoma maswali ya Esha. Bi Mwanatumu akaweka mkono mdomoni. Nilimwomba Barka kwa macho akome pale, kwa sababu nilijua kinachofuata. Hakukoma.

"Binti mkubwa, Hadia, aliyekuwa ameposwa, naye ameshikwa na maumivu ya mgongo na kichwa tangu jana. Amemficha mama yake."

Bi Mwanatumu akageuka. Akamvua Hadia kanga, akamwekea kiganja kwenye paji la uso, akakiacha pale. Sikusikia akilia. Alimvuta tu, akamlaza kichwa mapajani mwake, na Hadia akafumba macho.

Bwanamkuu alikuwa bado ananitazama mimi.

"Wewe ndiye mtu wao," alisema.

"Ami."

"Nakuuliza yambo moya. Siku ile mkewangu alikwambia ni tetekuwanga. Nami nikakwambia. Ulituamini?"

Hilo ndilo swali nililokuwa nikiliogopa. Kama ningesema sikuamini, ningekuwa mjinga tu, na mjinga husamehewa. Lilikuwa limebaki neno moja la uongo nipate kuokoka, na uongo nilikuwa nimeuzoea.

Hadia akafumbua macho akanitazama.

"Niliwaamini," nilisema.

Bwanamkuu akatikisa kichwa kidogo, kama mtu aliyepewa bei akaikubali. Akaja mpaka kwenye kamba. Nilikuwa nimesahau hatua zangu sita zamani. Akanyoosha mkono mmoja juu ya kamba, akanikamata kanzu kifuani, akanivuta.

Mguu ulinasa kambani nikaanguka kifudifudi, mchanga ukaniingia mdomoni. Nilipoinua kichwa, kamba ilikuwa nyuma yangu.

"Barka," niliita. "Wewe ni mlinzi. Nitoe."

"Mimi huwazuia walio ndani wasitoke," Barka alisema.

Akaikunja barua yangu, akaitia ndani ya daftari la kambi. Kisha akalifungua daftari lenyewe, akalamba ncha ya penseli.

"Jina?"

"Wanijua jina langu."

"Jina."

"Obeid bin Mahmud."

"Umechanjwa?"

Forodhani walituita makarani wote tuchanjwe. Siku ile nilijificha ghalani nyuma ya magunia, kwa kuogopa sindano.

"Sijachanjwa," nilisema.

Akaandika. Mwandiko wake ulikuwa mzuri kuliko wangu.

"Siku arobaini," alisema, "kuanzia leo."

Bi Mwanatumu akazungumza bila kuninyanyulia macho. Vidole vyake vilikuwa ndani ya nywele za Hadia, anamkuna taratibu.

"Mkeka wa Esha uko pale ndani, haujachomwa bado. Atalala huo."

Bwanamkuu akaingia bandani, akautoa, akaukung'uta mchanga, akautandika kivulini kwa mikono yake miwili, akaunyoosha pembe zote nne, kama amtandikiavyo mgeni.